Watu wa Hiari: Habari za Uchunguzi wa Kisukari Pande za Ziwa



Mwaka jana, jioni moja baada ya masomo, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Buhongwa, upande wa kusini wa mji wa Mwanza, penye barabara kuu iendayo Shinyanga. Mama mmoja jirani yangu, mtu mzima aliyekwisha kupata wajukuu, akapiga hodi, ameshika karatasi zilizokunjwa. Akasema, "Mwalimu, nisomee hizi. Wamekuja watu wa uchunguzi wa kisukari, wameniomba niende nikapimwe, nao wameniachia karatasi hizi nifikiri kwanza." Nikamsomea zote, mstari kwa mstari, naye akasikiliza bila kunikatiza. Nilipokwisha akaniuliza maneno matatu. La kwanza, "Mimi si mgonjwa, wanitakia nini?" La pili, "Damu yangu itakwenda wapi?" La tatu, "Nikikubali leo nikakataa kesho, watanifanya nini?"

Nakiri mbele yenu kwamba nilimjibu kwa uvivu. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Usiogope, mayu, ni kazi ya serikali." Akanitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, sikukuuliza kama ni ya serikali." Akakunja karatasi zake akaenda zake.

Neno lile lilinikaa moyoni. Mimi ni mwalimu wa walimu, si daktari. Lakini historia naifundisha, na maswali yale matatu yana historia ndefu. Basi nikaitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Katika mwili wa mtu mna vitu viitwavyo homoni, navyo ni kama matarishi wa boma siku za zamani. Kila tarishi hubeba barua yake, hupita katika njia ya damu, akafika mlangoni pa kiungo kilichoandikiwa. Tarishi mmoja huitwa insulini, naye hutoka katika kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Barua yake ni fupi: "Fungueni, sukari iingie." Mtu alapo ugali au viazi, chakula hugeuka sukari katika damu, insulini ndiyo inayoiruhusu sukari ile kuingia katika nyama ya mwili ili iwe nguvu. Kongosho likishindwa kutoa insulini ya kutosha, au viungo vikiwa kama viziwi visiisikie, sukari hubaki katika damu, ikafurika hata katika mkojo. Mtu huona kiu, hukojoa mara nyingi, hukonda ijapokuwa anakula. Baadaye macho, figo na miguu huharibika. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na kisukari cha kukosa insulini hakuwa na tumaini. Madaktari waliweza tu kumnyima chakula ili sukari ipungue, naye akaishi kidogo zaidi kwa njaa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na kijana Charles Best, katika maabara ya Profesa Macleod, walianza kutoa maji ya makongosho ya wanyama na kuyajaribu kwa mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 wakaijaribu dawa hiyo kwa mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda hata uzito wake ukawa karibu kilo 30 tu. Baba yake aliridhia.

Dawa ile ya kwanza haikumfaa. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakafanya jipu. Wangaliweza kuacha. Lakini mwenzao James Collip alikesha akiisafisha dawa, na tarehe 23 Januari mtoto yule akachomwa tena. Safari hii sukari ikashuka sana, naye akapata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi. Sisi tunakumbuka jina la Banting, na ni haki kulikumbuka; lakini jaribio lile la kwanza, lenye jipu, lilikuwa katika mwili wa Leonard.

Mtaniambia, "Leonard alikuwa mahututi, hakuwa na la kupoteza. Lakini mama wa Buhongwa ni mzima." Kweli. Hapa ndipo penye fumbo la swali lake la kwanza, na mfano mzuri wa kulifumbua watoka kwa wasichana wa shule.

Iko tezi katika shingo itoayo tarishi mwingine wa mwili, nayo haiwezi kufanya kazi bila madini joto. Madini hayo yakikosekana katika udongo na maji, tezi huvimba, ndiyo rovu tunaloliona shingoni mwa watu wa nchi za milimani. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Akron nchini Marekani, David Marine na mwenzake Kimball waliwapa wasichana wa shule madini joto kidogo kidogo. Wengine walikubali kuyanywa, wengine hawakunywa, na wote wakapimwa shingo. Katika wasichana 2,190 waliokunywa, 5 tu walivimba tezi. Katika 2,305 wasiokunywa, walivimba 495. Baada ya hapo watu wakaanza kutia madini joto katika chumvi, na katika miaka ya 1990 serikali ya Tanzania nayo iliagiza chumvi yetu itiwe. Tazameni pakiti ya chumvi jikoni mwenu, mtaona imeandikwa.

Sasa nawauliza wanafunzi: ni wasichana gani waliotufundisha? Tukiwaondoa wale 2,305, wale 5 hawana maana yo yote. Tungesema labda Akron hakuna rovu. Kila mtu aliyenunua dagaa mwaloni aijua mizani: kitanga kimoja hubeba samaki, kingine hubeba jiwe la ratili. Jiwe halina ladha wala haliingii chunguni, lakini bila hilo hujui ulichonunua. Mtu mzima akubaliye kupimwa ndiye jiwe la mizani.

Nitarudi kwa jiwe hilo. Lakini kabla ya kurudi Mwanza sharti niseme habari mbaya, maana mwalimu afichaye habari mbaya hafundishi historia. Katika jimbo la Alabama nchini Marekani, tangu mwaka 1932 hata 1972, idara ya afya ya serikali iliwachunguza wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Katika hao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa; kumbe walikuwa wakitazamwa tu, ili ijulikane kaswende humfanya nini mtu asiyetibiwa. Penisilini ilipojulikana kuwa dawa yake katika miaka ya 1940, wakanyimwa. Wengine walikufa, wengine waliwaambukiza wake zao. Nayo, angalieni, ilikuwa kazi ya serikali. Mnaona sasa kwa nini jibu langu la barazani lilikuwa jibu baya.

Mateso waliyotendewa wafungwa na madaktari wa Ujerumani wakati wa vita ndiyo yaliyozaa kanuni. Mwaka 1947, katika mji wa Nuremberg, mahakama iliyowahukumu madaktari wale iliandika kanuni 10, na ya kwanza yahusu ridhaa ya mtu mwenyewe, asiyelazimishwa wala kudanganywa. Mwaka 1964 madaktari wa nchi nyingi wakakutana Helsinki nchini Finland, wakaandika azimio linalowafunga wao wenyewe. Karatasi aliyoishika jirani yangu ni mjukuu wa maandiko hayo mawili.

Na Mwanza je? Mji wetu una historia katika kazi hii kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1949 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliweka hapa kituo cha uchunguzi wa magonjwa, pamoja na kazi ya kuchunguza minyoo ya matende. Sasa minyoo ile ina desturi ya ajabu: vijana wake hujificha mchana, wakatoka katika damu ya ngozi usiku. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuja usiku. Fikirini basi: mgeni ana taa mkononi, ana sindano na vioo, anataka damu ya watu usiku wa manane! Watoto wa siku hizi hulicheka neno mumiani. Babu zetu hawakulicheka. Habari za watu wanaonyonya damu na kuiuza zilienea Afrika Mashariki yote, tangu pwani hata bara, na wanahistoria wameziandikia vitabu. Mimi siwaiti wajinga walioogopa. Siku zile azimio la Helsinki lilikuwa halijaandikwa, na mara nyingi neno la mtemi au la mwanangwa lilitosha kuwakusanya watu wapimwe. Mtu aliyechukuliwa damu yake pasipo kuelezwa sababu, akatafuta sababu yake mwenyewe, amekosa nini?

Baada ya uhuru, kwa sheria ya mwaka 1979, iliundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kituo cha Mwanza kikawa tawi lake. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ilifanyika hapa mkoani kazi iliyosikika duniani kote: jamii 12 zilichaguliwa, na katika 6 matibabu ya magonjwa ya zinaa yakatengenezwa vizuri. Ikaonekana kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa sehemu kama 40 katika 100, kuliko katika zile jamii 6 nyingine. Mawe ya mizani tena.

Kisukari kilichelewa kuchunguzwa, kwa kuwa watu wengi walidhani ni ugonjwa wa matajiri na wa Ulaya. Katika miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walikwenda katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Na Mara, kama mjuavyo, ni jirani yetu kando ya Ziwa hili hili. Watu zaidi ya 6,000 walikubali kupimwa. Habari zilichapwa mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika 100. Wengine wangeona kwamba wametaabika bure kwa kupata idadi ndogo. Mimi naona kinyume chake. Wanakijiji wale walitupa alama ya kwanza, kama alama ichongwayo katika mti ukingoni mwa ziwa ili watu wa baadaye wajue maji yalifika wapi.

Na maji yamepanda. Kati ya mwaka 2006 na 2009 madaktari wa Mwanza pamoja na wenzao wa Denmark, akiwamo Daniel Faurholt-Jepsen, na George PrayGod wa kituo cha Mwanza, waliuliza kama kisukari na kifua kikuu vina undugu. Walipima wagonjwa 803 wa kifua kikuu. Lakini hawakuishia hapo. Walikwenda mitaani walikokaa wagonjwa hao, wakawatafuta majirani wasio na kifua kikuu, wakapata 350 waliokubali.

Naomba mkae kidogo na watu hawa 350, maana kwa ajili yao nimeandika yote haya. Hawakuwa wagonjwa wa kifua kikuu. Hawakwenda hospitali kutafuta dawa, walifuatwa makwao. Kipimo chenyewe cha kisukari si cha dakika moja. Yampasa mtu alale bila kula, aamke bila chai, achukuliwe damu, kisha anywe maji yaliyotiwa gramu 75 za sukari ya glukosi, matamu hata ya kuchefua, halafu angoje saa mbili achukuliwe damu mara ya pili. Saa mbili za asubuhi kwa mwenye kibanda cha nyanya ndizo saa za wateja. Kwa mvuvi arudiye alfajiri ndizo saa za kuuza na kulala. Nao walizitoa kwa sababu jirani yao anakohoa.

Matokeo yalichapwa mwaka 2011. Katika wagonjwa wa kifua kikuu, wenye kisukari walikuwa 16.7 katika 100, yaani karibu mmoja katika sita. Katika majirani walikuwa 9.4 katika 100. Miongoni mwa watu wasio na virusi vya UKIMWI, kisukari kilionekana kuiongeza hatari ya kifua kikuu kama mara nne. Na walipowafuata wagonjwa walio katika dawa za kifua kikuu, wakaona kwamba wale wenye kisukari pia walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika siku 100 za kwanza. Basi si ugonjwa wa matajiri. Damu yenye sukari nyingi huwadhoofisha askari wa mwili, na kifua kikuu hupata mlango.

Mwalimu mwangalifu atasema hapa kwamba ile 9.4 ya mjini Mwanza haifai kulinganishwa moja kwa moja na ile idadi ndogo ya vijijini ya mwaka 1989: watu si wale wale, na mahali si pale pale. Tena ugonjwa mkali kama kifua kikuu waweza wenyewe kupandisha sukari kwa muda. Ni kweli yote mawili. Ndiyo sababu mnaona majirani ni wa lazima; bila wao tungeishika ile 16.7 peke yake, tusijue ni nyingi au ni kidogo. Mwaka huo huo wa 2011 Shirika la Afya Duniani, likikusanya habari za nchi nyingi, lilitoa shauri kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wapimwe kisukari, na wa kisukari waangaliwe kifua kikuu.

Kuanzia mwaka 2016 watu wengine karibu 2,000 wa Mwanza, wenye virusi vya UKIMWI na wasio navyo, waliingia katika uchunguzi mkubwa zaidi. Safari hii si sukari tu iliyopimwa, bali na insulini yenyewe, ili ijulikane kama kasoro ni ya barua chache au ya viungo viziwi. Ikaonekana kwamba kwa watu wa kwetu upungufu wa insulini kutoka katika kongosho una sehemu kubwa katika kisukari. Habari hiyo ni ya maana sana, kwa kuwa mafundisho mengi ya ugonjwa huu yalitungwa kwa kuwatazama watu wanene wa nchi nyingine, na hapa kwetu twawaona wembamba wanaougua.

Baada ya kuyasoma hayo nilikwenda kwa jirani yangu, nikapiga hodi mimi safari hii. Nikamwambia, "Mayu, nilikujibu vibaya. Nimekuja kujibu tena." Akanipa kigoda.

Kwa swali la kwanza nikamweleza habari ya jiwe la mizani. Akaielewa upesi kuliko wanafunzi wangu, kwa maana aliuza dagaa miaka mingi. Kwa swali la pili tukaifungua karatasi tena, nikamwonyesha kwamba uchunguzi wo wote wa namna hii nchini hauna budi kupata kibali cha kamati ya taifa ya maadili ya utafiti, na kwamba damu ikitaka kupelekwa nje ya nchi sharti pawe na mapatano maalum, na karatasi imwambie hivyo. Ya kwake ilisema itapimwa hapa hapa Mwanza. Kwa swali la tatu nikamsomea mara mbili: aweza kukataa, aweza kuacha katikati bila kutoa sababu, na matibabu yake katika zahanati hayatapungua.

Sikumficha na upande mwingine. Nilimwambia kuchunguzwa si kutibiwa. Kwamba huenda faida isimfikie yeye bali mjukuu wake. Kwamba fedha watakayompa ni ya nauli na ya kumfidia saa zake, si mshahara. Akacheka, akasema nauli ya kutosha nayo si haba.

Kisha akaniuliza neno la nne, ambalo karatasi haikulijibu. "Wakimaliza, watarudi kutuambia walichoona?"

Nikanyamaza. Mambo yote niliyowasimulia jioni hii niliyasoma kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mtu wa Buhongwa hayaoni. Katika wale majirani 350, ni wangapi wajuao kwamba hesabu yao ilisomwa duniani? Nadhani deni hili la kurudi na kusema, kwa lugha ya mtu aliyetoa damu, ni deni halisi kama deni la duka, na wachunguzi wengi hawajalilipa vya kutosha. Nikamwambia hivyo, kwamba sijui, na kwamba ana haki ya kuwauliza kabla hajatia sahihi. Akanipa karatasi yake, akasema, "Basi liandike hapo nyuma, Mwalimu, nisije nikalisahau." Nikaliandika kwa herufi kubwa, naye akakunja karatasi akaitia katika pindo la kanga yake.

Siku aliyoambiwa alitoka kabla ya jua kuchomoza, hajatia kitu kinywani. Saa sita mchana nilimsikia amerudi, anamwambia binti yake alete ugali upesi, maana maji yale matamu yamemtia njaa kuliko kulima. Nikapaza sauti nikamuuliza, "Mayu, ulilisema lile neno la nne?"

"Nililisema kabla ya kutia sahihi," akajibu. "Wamenipa jina la mwezi. Nami nimeliandikisha kwao, na nakala ninayo."

Mwezi wenyewe haujafika bado. Ukifika, nitakwenda naye.